Tisa Iliyozidi Thelathini na Tano

Hellen alijifunza kutengeneza kurasa za wavuti kwa miezi minne pale Igoma, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vipuri, kwa mwalimu aitwaye Gaurav. Walianza na vigeu: unachagua jina, unalipatia thamani, kisha kompyuta inaikumbuka kwa jina hilo. Somo lililofuata, la aina za data, yaani namba ni kitu kimoja na maandishi ni kingine, alilipata juujuu. Mawazo yake yalikuwa kwenye kazi aliyokwisha kuahidi.

Mama yake, Paskazia, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliofuga sato kwenye vizimba ziwani, upande wa Misungwi. Samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia oksijeni ikipungua majini. Mlinzi wao, mzee Luhende, aliipima kila alfajiri kwa kifaa maalumu, na Hellen akamtengenezea ukurasa wa kwenye simu. Ulikuwa na visanduku viwili: cha kipimo cha siku hiyo, na cha kiwango cha chini, ambacho kikundi kilikubaliana kiwe asilimia 35. Kipimo kikishuka chini ya hapo, ukurasa unakuwa mwekundu na akina mama wote wanapata ujumbe waje kuwasha pampu za hewa. Hellen alijaribu 28, akajaribu 30, akajaribu 34. Mara zote ukawa mwekundu. Mama yake akamsifu mbele ya kikundi kizima.

Mwezi wa tatu maji yalijigeuza ghafla, ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda juu. Luhende akapima, akaandika 9. Ukurasa ukabaki wa kijani. Kulipokucha sato walikuwa wanaelea matumbo juu, vizimba vyote sita.

Kikundi kilikaa asubuhi hiyohiyo. Wakasema mzee alilala asiandike kitu, na hiyo 9 anaitaja tu ili ajikinge, maana hakuna aliyepata ujumbe. Akafukuzwa. Hellen alikuwepo na hakumtetea, maana naye aliamini hivyo.

Mchana alifungua kumbukumbu za ukurasa. Ile 9 iliingia saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Akasoma kazi yake mstari kwa mstari, hakuona kosa, akaipeleka kwa Gaurav. Mwalimu aliisoma kwa muda mfupi tu.

"Kinachoandikwa kwenye kisanduku kinaingia kama maandishi," alisema. "Hukukigeuza kuwa namba. Kompyuta ikalinganisha kama kamusi inavyopanga maneno, kwa herufi ya kwanza. Tisa kwa ile tatu ya thelathini na tano. Ikaona tisa ni kubwa."

Namba zote alizojaribu Hellen zilikuwa za tarakimu mbili.

Alimwambia mama yake. Paskazia akamtaka asilirudie neno hilo kwa mtu yeyote, kwani wale wanawake ndio majirani zao.

Kesho yake Hellen alikwenda kwa Luhende, akamkuta anaziba boma la ng'ombe kwa miiba. Akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba bila kuacha kazi. Hellen akamweleza yote. Mzee aliposikia habari ya tisa, akasimama.

"Mimi nilijua tisa ni ndogo, mjukuu wangu," alisema. "Nilishaanza kukimbia kuwaita. Nikaangalia simu, kijani. Nikasema, hii imetengenezwa na msomi. Mimi sijasoma. Nikarudi nikakaa."

Hellen alimwomba amsindikize kwenye kikundi, yeye Hellen akakiri kosa lake mbele ya wote. Mzee akakataa. Hakutaka kusimama tena mbele ya wanawake wale. Akamsihi aondoke kabla jua halijawa kali.

Hellen alikwenda peke yake. Walikuja wanne tu, wengine walikuwa wameshajitoa kikundini. Alieleza vigeu, akaeleza maandishi na namba. Mama yake alitazama chini muda wote. Alipomaliza, mmoja aliuliza kama samaki watarudi. Hakuna aliyemtaja Luhende.

Wiki hiyo vizimba vilivutwa nchi kavu.