Ufito Namba Nane

Baada ya kiharusi, mume wangu Kamanzi aliomba kitu kimoja tu: ufito wa kuvulia, namba tatu. Mkono wa kulia ulibakiwa na nguvu kidogo, na daktari alionya usiachwe ulale, ufanyishwe kazi. Kazi aliyoitaka ni ile aliyojifunza ujanani, tulipokuwa bado Arusha: kuvua kwa vidudu vya bandia vinavyozama hadi chini. Samaki havuti kidudu hicho, anakigusa tu. Namba ndogo ni ufito mwepesi, unakupa habari. Mzito haukwambii kitu.

Mwanetu Hirwa alikuwa Ulaya kikazi. Akaingia dukani, akaona namba zinapanda. Huyo nimemzaa mwenyewe, namjua: akaona aibu kumbebea baba yake namba tatu kama mtoto, na kubwa zipo. Akaleta nane. Jamani, ufito wa samaki wa baharini! Akamkabidhi kwa mikono miwili, sebuleni kwetu Gahanga, mbele ya wageni.

Kamanzi aliisoma ile namba, nilimwona. Akasema asante, umeniheshimu. Ningemfinya.

Alipokwenda kwenye bwawa la jirani yetu Bizimana, mkono ulichoka kabla uzi haujafika majini. Nikamsihi ampigie Hirwa simu, amwambie ukweli. Akanijibu kwamba zawadi ya mtoto hairudishwi. Nami nikanyamaza, mimi mwenye mdomo unaojulikana Gahanga nzima! Mvua zikaja zikaisha, mkono umelala mapajani mwake.

Hirwa alipotutembelea akauliza mbona baba havui, au mkono umekwisha?

"Haukwisha," nikamwambia. "Tumeumaliza sisi, kwa adabu zetu."

Nikamweleza yote. Hakubisha, maskini. Akaagiza namba tatu, ikafika, tukaenda wote bwawani. Kamanzi akajaribu kuushika ufito. Vidole vikakataa kufunga. Nilijuta.

Akamwachia Hirwa, akawa anamwelekeza: shusha, acha kizame, usivute. Tulikaa sana. Kisha ncha ikatikisika.

"Amegusa, Baba."

Kamanzi, aliyevua maisha yake yote, akamsogelea.

"Niambie, mwanangu," akasema. "Mkononi unasikia nini?"