Kiti cha Langoni

Siku ya Kutoa ilipokaribia, siku watu wanapokuja kuchangia kituo cha watoto wenye shida ya kutembea, msimamizi wa kituo alimwita Bibi ofisini. Alimvutia kiti mwenyewe, akafungua dirisha kwa sababu alijua Bibi hapatani na joto. Bibi aliyaona hayo yote. Ndiyo maana hata baadaye hakuweza kumkasirikia.

"Bibi, nikuambie ukweli," msimamizi alisema. "Mwaka huu tukikosa watu tena, dada wa mazoezi anaondoka. Hatuna cha kumlipa."

Bibi alishika ncha ya mtandio wake. Dada wa mazoezi ndiye aliyemfundisha mjukuu wake kutembea. Mtoto alifika kituoni akiwa mgongoni mwa Bibi, miguu inaning'inia kama ya mwanasesere. Leo anatembea. Anachechemea, ndiyo, lakini anatembea, na mdomo wake unakwenda mbio kuliko miguu, hata kituo kizima kikambandika jina la Chiriku. Na nyuma ya Chiriku walikuwapo wadogo wengine, bado wanatambaa mkekani, wakingoja zamu yao.

"Kwani watu wamekwenda wapi?" Bibi aliuliza.

Aliikumbuka miaka ya mwanzo. Ua ulikuwa unafurika. Huyu kaleta sabuni, yule blanketi, mwingine bahasha, na mwingine hana kitu ila mikono yake, basi anashinda akifua mashuka ya watoto huku anaimba. Kisha wakaanza kupungua. Hakuna aliyegombana na mtu. Walipungua tu, kama maji ya mtungi wenye ufa.

"Wamechoka kuombwa," msimamizi alisema. "Simu zao zimejaa watu wanaoomba. Na wachache waliokuja mwaka jana waliwakuta watoto wakubwa wanakimbizana uani. Mmoja akaniambia, 'Mbona nyie mambo yenu safi?' Akaondoka na bahasha yake mfukoni." Alipanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Kuna kile kiti cha magurudumu kule stoo. Nimewaza, Chiriku akikaa pale langoni. Asubuhi tu. Asiseme kitu, akae tu, wageni wawaone wanaotuhitaji."

"Lakini mtoto anatembea."

"Najua, Bibi. Si nilikuwapo?"

Alikuwapo kweli. Siku Chiriku alipoachia ukuta na kupiga hatua peke yake, msimamizi alilia kuliko Bibi, mpaka Bibi akampa leso.

"Hata mimi sipendi," msimamizi alisema. "Lakini wale wadogo wakiona wageni wanaangua kilio. Nani mwingine?"

Bibi aliwafikiria wale wa mkekani. Akasema, "Haya."

Kazi ilikuwa kumwambia mwenyewe.

"Nikae kwenye kiti? Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mama. Ni mchezo tu."

"Basi nitatembea mpaka langoni, halafu ndiyo nikae."

"Utasukumwa."

"Bibi! Mimi gunia la viazi?"

Bibi alicheka, lakini lile neno mchezo lilimrudia siku nzima.

Siku yenyewe ilipofika, viti vilipangwa uani kwa mistari. Mama wa jikoni alitoka na birika, akasimama, akatazama.

"Mwaka huu viti vimehudhuria kuliko watu," alisema. "Basi chai tuvinyweshe viti."

Walicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe.

Chiriku alikaa langoni, blanketi limemfunika kuanzia kiunoni mpaka chini, viatu havionekani. Hakusema neno. Bibi aliyezoea kumwambia "hebu pumzisha ulimi" sasa alitamani mtoto apige kelele hata za kipuuzi.

Wageni wachache walifika. Walimtazama mtoto, wakatikisa kichwa, wakasema "masikini," wakatumbukiza chochote kwenye sanduku la michango na kuondoka upesi, kama watu wanaopita penye moshi. Hakuna aliyeingia ndani kuona watoto wengine wala kugusa chai ya mama wa jikoni.

Halafu akaja fundi viatu.

Alikuwa mzee mwenye kibanda nyuma ya soko. Siku ya Kutoa iliyopita ndiye aliyepiga magoti mbele ya Chiriku, akampima miguu, akarudia kupima, kisha akamtengenezea viatu vyenye vyuma pembeni na kamba nyekundu, kwa kuwa mtoto alitaka nyekundu. Akasema hiyo ndiyo sadaka yake. Mvua zilipoanza, Chiriku alikuwa anatembea navyo. Bibi alikusudia kumpeleka kwa fundi akaone. Leo mvua, kesho nguo za kufua, keshokutwa mgongo unauma. Hakumpeleka.

Fundi alikuja akitabasamu, macho yake mabovu yakimtafuta mtoto. Alipomwona, tabasamu likafa.

"Vimekataa?" aliuliza.

Chiriku alifungua mdomo, akamgeukia Bibi. Pembeni ya sanduku msimamizi alikuwa amesimama na wageni wawili, wote wanatazama. Bibi alimkanya mtoto kwa macho.

"Bado, Fundi," alisema. "Bado kidogo."

Mzee alichuchumaa taratibu, akamshika mtoto mkono. "Nisamehe, mjukuu wangu. Labda kisigino nilikikaza mno. Macho haya yananiangusha."

Alitumbukiza bahasha yake, akaenda zake ameinamisha kichwa.

"Bibi," Chiriku alisema, "mbona yeye ndiye ameomba msamaha?"

Bibi alilivuta lile blanketi, akalitupa chini. "Inuka, mama. Inuka tumkimbilie." Lakini miguu ya Bibi ilikuwa mizito, ya mtoto ni ya kuchechemea, na walipofika kwenye kona mzee hakuonekana.

Jioni sanduku lilipofunguliwa, msimamizi alihesabu fedha, hazikutosha. Alimwekea tu dada wa mazoezi mkono begani, na dada akaelewa.

Kesho yake asubuhi Bibi alimchukua Chiriku mpaka kibandani. Fundi alikuwa amekaa mbele ya jozi ya viatu vya vyuma, ndugu wa vile vya Chiriku, amevifumua vipande vipande mezani.

"Shikamoo, babu!" Chiriku aliingia kwa miguu yake.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nenda mpaka mlangoni urudi," alisema. Chiriku akaenda, akarudi. "Tena." Akaenda tena, kwa madaha sasa, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama Bibi, na kicheko kikamtoka polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na jana?"

Bibi alimweleza yote, bila kumsukumia msimamizi lawama. "Tuliona watu hawaji," alimaliza. "Nisamehe, baba."

"Sikupata usingizi," fundi alisema. "Nimefumua hivi nikitafuta mshono ulionisaliti. Kumbe mshono hauna kosa."

"Nisamehe."

"Nimeshasamehe." Alisema upesi, kama mtu anayemwambia mteja hana chenji. "Lakini nikija tena pale kwenu, kila mtoto nitamtazama nikijiuliza, huyu mgonjwa kweli au kawekwa? Sitaki kuwatazama watoto hivyo. Afadhali nisije."

Fundi alimvua Chiriku kiatu cha kushoto. Soli ilikuwa imelika upande mmoja. Akaweka mpira mpya, misumari midogo ameibana midomoni, huku Chiriku akimsimulia habari za paka wa kituoni, za mama wa jikoni, za jino lake linalotikisika. Bibi alipogusa kibeti chake, mzee alitikisa kichwa.

Bibi alitaka kumwambia habari za wale wadogo wa mkekani, kwamba dada wa mazoezi anaondoka, kwamba ile miguu nayo ingehitaji viatu. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Aliitazama mikono ya mzee inayofunga zile kamba nyekundu kwa uangalifu, isibane, isilegee, akayameza.

Walipofika mlangoni walimsikia fundi akisema, "Karibu tena."

Bibi aligeuka upesi ili aitikie. Mzee alikuwa anatazama miguu ya mtoto. Aliyekaribishwa ni mtoto peke yake.