Maana, Kisha Sentensi

...maana, kijana, kisha sentensi, amesema, naye ameketi mbele yangu na kikombe mkononi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, baba wa binti niliyekuja kumposa, neno lenyewe ni unnerve, kitenzi kimoja tu, kana kwamba ndoa yote imo humo, na mama mtu anapaza sauti kutoka jikoni, Mwalimu, umealika mkwe au mtahiniwa, mwache mtoto wa watu anywe chai, naye anajibu bila kugeuka, chai haimkimbii, Mama Watoto, asije tu akaniletea mashairi... nami mashairi ndiyo niliyosomea, miaka minne ya vina na mizani, kila neno nalipima kabla ya kulitoa, kutisha, hapana, simba hutisha na mtu akatimua mbio, kuudhi, wala, aliyeudhiwa hujua la kujibu, hili ni jingine, ni kumpokonya mtu ujasiri kidogo kidogo, mithili ya kung'oa misumari ya kiti naye angali amekikalia, kumbabaisha, kumtia wahaka, na halihitaji kelele, kimya hutosha, swali hutosha... maana ninayo, sentensi sasa, nani amtie nani wahaka, jana binti yake alinicheka kwenye simu, we jikaze tu, baba hajawahi kung'ata mtu, na sasa vidole vya miguu yake naviona chini ya pazia la mlangoni, anabana kicheko, mjuba huyu... lakini mbona kikombe cha mzee kinagonga kisahani, ti, ti, ti, mbona chai haijapungua hata funda, na shati lile, jipya, mikunjo ya dukani ingalipo, kibandiko cha saizi kingali kifuani, amelivaa kwa haraka, amelivaa kwa ajili yangu... lo, kumbe hakunuia kunibabaisha, amelishika swali kama mtu ashikavyo ukuta gizani, darasani alijua kila jibu, leo hajui iwapo nitamtunza mwanawe, na hilo halimo kwenye kamusi... mgeni amemtia wahaka mwenye nyumba, sentensi sahihi hiyo, nami sitaitamka kamwe, nitasema, mkwe alibabaika mbele ya mwalimu, acheke, anisahihishe apendavyo... haya kijana, nasubiri, asema, kikombe kingali mkononi, nami kwa mara ya kwanza tangu niketi sina haraka, Baba, naita, kimoyomoyo kwanza, kulijaribu, Baba, na linakaa.