Matone ya Baba Leonsi

"Siku hizi haichomi," Pantaleo alisema, uso ukiangalia dari, matone yamekwisha kuingia. "Mwanzoni ilikuwa kama pilipili. Nafikiri jicho limeizoea dawa."

Philomena, mkewe, alifunika kichupa akakirudisha juu ya kabati. Ndani ya kile kichupa hamkuwa tena na dawa aliyopewa mumewe hospitali. Mlikuwa na maji aliyoyachemsha mwenyewe jikoni.

Miaka ile hapa kijijini Bonga hakuna aliyekuwa na kitu kamili. Sabuni ilikatwa vipande, chumvi iliombwa kwa kijiko, na ukimnyima jirani leo, kesho utamwomba nani? Redempta, jirani yao, ndiye aliyewagawia mafuta ya taa walipokaa gizani. Basi alipokuja na macho mekundu yanayotoa tongotongo, akasema, "Mama Leonsi, si nasikia mna dawa ya macho? Nitilie kidogo tu," Philomena akamtilia. Akaja tena, safari hii na mdogo wake. Macho ni macho, Philomena aliwaza. Kichupa kikakauka.

Alikwenda hospitali kimya kimya, wakamwambia dawa hazijaletwa, apite tena. Kupita tena akaona haya. Wangemwuliza ile ya kwanza imeishaje upesi hivyo.

Jioni ile Pantaleo alikuwa uani anapukuchua mahindi. Redempta akaja kutoka ubavuni pake.

Akampungia mkono, akitabasamu.

Pantaleo hakugeuka. Mahindi yanaanguka tu kwenye ungo.

"Ee! Mzee anaringa siku hizi! Au mmepata sukari hamtaki kutugawia?"

Pantaleo akageuza kichwa chote. "Kumbe ni wewe! Sukari iko wapi? Nionyeshe na mimi nilambe."

Wakacheka. Philomena hakucheka. Mwezi uliopita Redempta alisimama palepale, na Pantaleo alimwona bila kugeuka.

Jirani alipoondoka, Philomena alikaa chini karibu na ungo.

"Baba Leonsi, unayotia machoni si dawa. Ni maji. Dawa niliigawa ikaisha, nikaogopa kusema."

Gunzi likabaki mkononi mwa Pantaleo. "Na mimi namshukuru Mungu kila asubuhi kwamba haichomi."

Heri angemfokea. Badala yake alisema, "Nifanyie kile kipimo cha daktari."

Akafunika jicho moja kwa kiganja, akamtazama mkewe usoni. Philomena alinyoosha mkono pembeni kabisa, akausogeza mbele polepole. Kule hospitali, mkono wa daktari ulipopita tu usawa wa bega lake, Pantaleo alisema naona. Sasa wa Philomena ulisogea, ukasogea, ukakaribia mbele ya uso.

"Naona. Ni palepale?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo.

"Hapana, mume wangu. Pamepungua."

Asubuhi walikwenda mjini. Daktari alimpima, akamgeukia Philomena.

"Mama, hii ni presha ya macho. Haiumi, na huo ndio ubaya wake. Inakula pembeni kwanza, mtu hajui, mpaka anabaki kama anayechungulia kwenye tundu. Kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki, na ni kila siku. Tena si dawa ya macho mekundu. Na huyo Leonsi wenu aje apimwe, ugonjwa huu unatembea katika ukoo." Akatoa kichupa kipya. "Zimeletwa juma lililopita. Mlikuwa wapi?"

Philomena aliangalia vidole vya miguu yake.

Daktari alitia tone. Pantaleo akakunja uso mzima.

"Inachoma," akasema taratibu.

Njiani Philomena alitembea kando yake, kichupa amekifunga kwenye pindo la kanga. Walipolimaliza soko, Pantaleo akasimama.

"Mama Leonsi, uko wapi?"

"Niko hapa. Kando yako."

"Kando sikuoni. Pita mbele."

Akapita mbele. Akawa anakwenda polepole, asitoke machoni pake.