Visu Kumi na Viwili

Celeste alipanga visu kumi na viwili juu ya benchi, akaweka mabeseni manne chini, akakaa kusubiri. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana. Mumewe Armando angezikwa kesho, na mtaani kwao siku moja kabla ya maziko wanawake huja wenyewe kumenya na kukata, bila kualikwa. Tangu atoke Msumbiji kuja nchi hii jirani, miaka ishirini na saba sasa, Celeste hajawahi kukosa kwenda kumenya kwa mtu.

Saa tisa hakuja mtu. Saa kumi hakuja mtu. Vigelegele vilisikika nyumba ya nne, kwa Bhekumuzi.

Huyu Bhekumuzi mwaka juzi alikuwa akipita mlango kwa mlango na vijana wenye fimbo, akiuliza nani mzawa, nani mgeni. Kibanda cha Armando cha kushona viatu walikivunja mchana kweupe. Siku hizo watu walimwita Bhekumuzi mhuni, na majirani waliinama na Armando kuokota misumari. Kisha kikundi kikasajiliwa kuwa chama. Chama kikapata viti vitatu vya udiwani, na chama kikubwa kikavihitaji ili kimpate meya wake. Leo asubuhi Bhekumuzi kaapishwa udiwani, kavaa suti, na meya kampigia makofi. Fimbo hakuna aliyemwambia azitupe.

Saa kumi na nusu aliingia MaNgubane, jirani wa ukuta kwa ukuta, aproni imelowa. Celeste alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Akamsogezea kisu.

"Sikai, dada. Nimetumwa. Kule watu wamezidi, tunaomba kile chungu chako kikubwa cha miguu mitatu."

"Mnamenya kule?"

"Wote tuko kule."

"Na Armando je?"

MaNgubane aliangalia visu. "Barua za nyumba za serikali anasaini Bhekumuzi sasa. Mwanangu yuko kwenye orodha. Na wala si mtu mbaya, ukimzoea. Kasema kesho atatuma maua."

"Mumeo alipokufa nilimenya kwenu siku mbili."

"Najua, Celeste. Usinilize."

"Lia tu. Angalau Armando apate mmoja."

MaNgubane hakulia. Alisimama akisubiri chungu.

"Chungu kiko motoni," Celeste akasema.

Wote wawili walikiona kimeegemezwa ukutani, kikavu. MaNgubane akafunga vizuri kilemba chake, akatoka bila kuaga.

Celeste alikiburuta chungu peke yake mpaka mahali pa moto, kiuno kikimuuma. Akawasha kuni, akamimina maji ndoo kwa ndoo. Wimbo wa msiba hakuuimba, maana wimbo ule huhitaji watu wa kuitikia. Kabichi zilikuwa thelathini, za kulisha mtaa mzima. Akachukua kisu kimoja, akaanza na ya kwanza, na vile kumi na kimoja akaviacha juu ya benchi, mipini ikitazama mlangoni.