Siku Tatu za Doto

Kwenye kioo cha kompyuta, Doto alikuwa amezaliwa siku tatu kabla ya Kurwa.

"Basi binti yangu shujaa," alisema bibi yao, mikono kiunoni mbele ya meza ya uandikishaji. "Kazaa mmoja, kapumzika siku tatu, ndipo akamaliza kazi. Tena kaanza na wa mwisho!"

Wazazi waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Bibi hakucheka. Wajukuu wake mapacha, waliosimama kando yake, walizaliwa tarehe mosi Aprili, wakipishana dakika kumi, na darasa jipya lilipokea waliozaliwa kuanzia siku hiyo. Kurwa alipata nafasi. Doto, aliyeonekana wa tarehe ishirini na tisa Machi, mfumo ulimpeleka shule nyingine, upande wa pili wa mji. Orodha ingefungwa saa sita mchana, na sasa ilikuwa saa nne na nusu.

Msichana aliyeutengeneza mfumo aliitwa, akaja na jibu lake tayari mdomoni.

"Kompyuta haikosei, mama. Umebonyeza vibaya."

Karani, mwanamke wa makamo, hakujitetea. Aliinuka, akamsogezea kiti chake. "Kaa kwanza, mwanangu. Umepanda ngazi mbio."

Msichana alikaa, na haya ikamgusa kidogo. Alirekebisha tarehe, akahifadhi. Kwenye orodha ikasomeka mosi Aprili. "Umeona? Sasa mbadilishie shule."

Karani aliifungua fomu ya Doto, akachagua shule, akahifadhi. Mfumo ukakataa. Tarehe ilisomeka thelathini na moja Machi.

"Hukuigusa tarehe!" msichana alimaka.

"Hata kwa kucha."

Msichana alivuta karatasi, akaandika, akafuta, akaandika tena. Fomu iliomba siku tu, lakini yeye, kwa kutaka ukamilifu, aliipachika kila siku saa yake: saa sita usiku. Seva, kompyuta inayotunza fomu zote, ilikuwa nchi ya mbali, ambako saa ziko nyuma kwa saa tatu, nayo ikahifadhi saa tatu usiku wa jana yake. Orodha ilijua kuzirudisha zile saa. Fomu haikujua. Ilipofunguliwa upya ilitupa saa, ikabaki na siku, na siku yenyewe ilikuwa ya jana.

"Kila ukihifadhi, mtoto anarudi nyuma siku moja!" Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, Doto umemfungua mara ngapi?"

"Mara tatu." Karani alisema polepole, kama anayekiri kosa. "Kwanza niliandika kwamba kifua humbana. Kisha, kwamba dawa yake ya kuvuta iko mfuko wa mbele wa begi. Kisha bibi akanisimulia kwamba kikimbana, ndugu yake ndiye ajuaye kumtuliza. Nikaona mwalimu ajue."

Msichana alihesabu kwa vidole. Wema mara tatu, na kila mara siku moja imemponyoka mtoto. Na mkono uliozichukua ulikuwa wake yeye.

Aliinamia kazi. Aliing'oa ile saa sita usiku, siku ikabaki siku, bila saa ya kuivuta huku wala kule. Vidole vilikimbia, bibi aliacha kunung'unika, foleni nzima ilinyoosha shingo. Saa tano na dakika arobaini alirudisha mosi Aprili na kumpisha karani kwenye kiti.

"Bonyeza wewe, mama."

"Tarehe ikianguka tena?"

"Itakuwa imeanguka kwangu, si kwako."

Karani alichagua shule, akahifadhi. Akafungua tena, akahifadhi. Mosi Aprili. Mara ya tatu, mosi Aprili. Bibi alipiga kigelegele hadi mlinzi akachungulia dirishani.

"Kurwa, mshike mwenzio mkono," bibi alisema. "Mko darasa moja."

Foleni ilisogea, lakini msichana hakuondoka. Aliuuliza mfumo ni fomu zipi nyingine zilizofunguliwa baada ya kuandikwa. Zikaja arobaini na moja, ingawa hakuna mtoto mwingine aliyepotezewa shule. Angeweza kuzisahihisha zote kwa amri moja. Badala yake aliburuta kigoda, akaketi kando ya karani, akaifungua ya kwanza, akaisoma kwa sauti ndogo:

"Huyu huogopa kengele. Aambiwe kabla haijalia."

Akairekebisha tarehe, kisha akaifungua ya pili.