Mashini Iliyogoma Siku ya Mungu

Kama kuna mtu Kalemie hii aliyewahi kupenda kitu cha chuma, basi ni Yaya Syntiche, yaani dada Syntiche, na mashini yake ya kuosha vyombo. Miaka na miaka aliosha masahani ya mgahawa wa mdogo wake Mado kwa sabuni kali, mpaka vidole vikapasuka, akawa anashindwa hata kujifunga kitenge. Mado akaona uchungu. Shirika fulani lilipohama mjini, akanunua mashini yao, akamwambia dada yake apumzike.

Basi mashini nayo ikaanza maringo. Wiki nzima inafanya kazi vizuri. Ifike Jumapili, watu wametoka misa, meza zimejaa ugali wa bukari na samaki wa mikebuka, ukiiwasha tu, ta! Swichi ya ukutani inaruka, umeme unakatika jiko zima. Syntiche anarudi kwenye beseni, na vidonda vinafunguka upya.

Mafundi walikuja, wee! Huyu alisema ni umeme wa mtambo wa Bendera, una nguvu kupita kiasi. Yule akabadilisha waya. Wote walikuja Jumatatu, wakagusagusa, Jumanne mashini ikawaka, wakaondoka kifua mbele. Jumapili, ta! Mado akachoka. Akaapa kwamba ikikata tena, anaiuza kwa wachuuzi wa Kigoma. Usingizi ukamhama Syntiche, maana maumivu ya lile beseni aliyajua.

Ndipo akaletwa Ornella, binti wa Mama Angélique wa sokoni, aliyejifunza umeme bandarini. Akafungua, akapima, akanusa hata nyaya. Kila kitu kilikuwa sawa. Mado akamuuliza ugonjwa ni nini.

"Bado sijue, mama," Ornella akasema.

Syntiche alimpenda palepale. Fundi anayesema hajui! Tangu azaliwe hakuwahi kumwona. Ornella aliomba jambo moja tu: aje Jumamosi akae jikoni, nao wafanye kazi kama vile hayupo.

Akaja kweli. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akala ndakala wake, wale dagaa wadogo, taratibu, macho yakiwa kazini. Wateja wakaisha, mashini ikazimwa. Syntiche akajaza ndoo, akakoroga sabuni, akafanya alichofanya kila Jumamosi: akaiogesha mashini yenyewe. Mlango, vifungo, ubavuni, mgongoni, maji kwa kopo, bila ubahili. Kesho ni siku ya Mungu. Kitu kilichomtua mzigo namna ile angekiachaje na uchafu wa wiki nzima?

Ornella hakumzuia. Alingoja amalize, akawaomba wote wasogee mbali, akawasha. Ta!

Akachomoa waya, akalegeza skrubu, akatoa bati la mgongo. Ndani kabisa, pale nyaya zinapokutana, maji yalikuwa yakidondoka, meupe kwa povu. Alishika tochi tu, watu wajionee.

Syntiche akainama, akatazama. Asante ya punda ni mateke, watu husema, lakini punda huyu alikuwa akiogeshwa mpaka puani, angefanya nini? Ikifika Jumanne alikuwa amekauka, na kila fundi akadhani yeye ndiye aliyemponya. Bendera ilisingiziwa bure. Syntiche alijua angeweza kunyamaza, asingizie kwamba ndoo ilimwagika leo tu, lakini kwa binti aliyesema hajui, yeye angedanganya kwa uso gani?

"Njo miye, Mado," akakiri. "Nilikuwa naiogesha kila juma. Uiuze tu, sitalia."

Kabla Mado hajajibu, Ornella alikuwa ameshatoka mbio kwenda saluni ya Laurette, jirani, akarudi na mashini ya kukaushia nywele. Akapuliza nyaya polepole, kama anamtengeneza bibi harusi, akageuza huku, akageuza kule, akagusa, akapuliza tena. Hakuharakisha hata kidogo. Syntiche alimtazama mpaka akasahau aibu yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, hiyo ndiyo maana yake.

Akafunga bati, akawasha. Mashini ikanguruma, ikaendelea kunguruma.

Syntiche akauliza kwa woga sasa ni nani atakayeiogesha. Ornella akacheka, akampa kitambaa kikavu, akamwambia hicho kinatosha.

Mado akakichukua kile kitambaa mkononi mwa dada yake. Akaishika ile mikono iliyokuwa bado imelowa sabuni, akaanza kuikausha, kidole kwa kidole, pale kwenye mipasuko akigusa kwa upole.

"Yaya," akasema, "tuanze na hii."